Big, Large, Great: Uteuzi wa Visawe vya Ukubwa vya Kiingereza na Matatizo Yake kwa Mfasiri wa Kiswahili

Utangulizi

Makala haya yanachunguza kundi moja la vivumishi vya Kiingereza ambavyo mwanafunzi wa Kiswahili hukutana navyo kila siku na ambavyo, kwa sababu hiyo hiyo, haoni haja ya kuvichunguza. Vivumishi hivyo ni “big”, “large” na “great” kwa upande wa ukubwa, “small” na “little” kwa upande wa udogo, pamoja na jamaa zao wa karibu wanaotaja kimo, kina na unene. Atakayefungua kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ataona kwamba vitatu vya kwanza vyote hupewa kisawe cha -kubwa. Jibu hilo si la uongo. Tatizo ni kuwa halimwelezi mtumiaji ni lini neno moja linaweza kukaa mahali pa jingine na ni lini haliwezi, na hapo ndipo tafsiri nyingi za wanafunzi, na wakati mwingine hata za vyombo vya habari, zinapopotoka.

Mkabala unaotumiwa ni wa kiulinganishi. Kiingereza hakichunguzwi hapa kwa ajili yake chenyewe, kwani kazi hiyo imefanywa na wenyewe kwa ukamilifu. Kinachodaiwa ni kwamba lugha hizi mbili zimeugawa uwanja wa ukubwa kwa mipaka isiyolingana, na kwamba mfasiri mwenye kujua mipaka ya upande mmoja tu hukosea hata pale anapodhani amefanya kazi rahisi.

Visawe na mipaka yake

Wanaisimu wengi hukubaliana kwamba visawe kamili, yaani maneno mawili yanayoweza kubadilishana nafasi katika kila muktadha bila kuathiri chochote, ni adimu mno. Cruse (1986) huuona usinonimia kuwa suala la viwango: yapo maneno yaliyokaribiana sana na yapo yaliyokaribiana kiasi. Naye J. R. Firth, katika miaka ya 1950, alisisitiza kwamba sehemu ya maana ya neno hupatikana katika maneno mengine ambayo neno hilo limezoea kuandamana nayo. Kwa kazi ya makala haya, mafunzo hayo mawili yanatosha.

Ni muhimu kuyataja kwa sababu vitabu vya orodha za visawe, ambavyo Peter Mark Roget alivipa umaarufu alipochapisha tesauri yake mwaka wa 1852, humpa mwanafunzi safu ndefu ya maneno bila kumwonyesha makazi ya kila moja. Kitabu cha aina hiyo humfaa mtu ambaye tayari anayajua maneno hayo na amelisahau moja tu. Asiyeyajua humchezesha bahati nasibu. Ni afadhali kamusi ndogo yenye mifano ya sentensi kuliko tesauri nene isiyo na mfano hata mmoja.

Vivumishi vya ukubwa vina sifa nyingine inayovitenga na vivumishi kama vile vya rangi. Sapir (1944) alionyesha kwamba maneno ya aina hii huficha ulinganishi ndani yake. Tembo mdogo ni mkubwa mara elfu kuliko panya mkubwa, na wala hakuna msemaji anayeona kinaya katika kauli hiyo, kwa kuwa kila mnyama hupimwa kwa kipimo cha wenzake. Aidha, katika jozi za namna hii neno moja hutumika pasipo upendeleo linapohusu kuuliza kiasi. Mwingereza akiuliza “How big is it?” hajadai kwamba kitu hicho ni kikubwa, akiuliza “How small is it?” tayari amekwisha kukubali kuwa ni kidogo. Kiswahili nacho kina mwenendo uo huo. Swali la ukubwa wa shamba halina hukumu ndani yake, ilhali swali la udogo wa shamba lina malalamiko. Hali kadhalika urefu, upana, unene na kina. Katika jambo hili, basi, lugha hizi mbili zinashikana mikono, na mfasiri anaweza kupumzika kidogo kabla ya safari kuanza.

Asili ya maneno matatu

Historia ya maneno haya husaidia kueleza tabia zake za leo. “Great” ndilo la kale zaidi kati ya matatu. Lilikuwamo katika Kiingereza cha Kale likiwa na maana ya kitu kinene au kisicholainishwa, na ndugu zake wanapatikana katika Kijerumani na Kiholanzi. “Large” liliingia kupitia Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka wa 1066, na chanzo chake cha Kilatini kilihusu wingi na ukarimu, maana ambayo bado inasikika katika neno “largesse”. “Big” lina asili isiyojulikana kwa hakika. Huanza kuonekana katika maandishi ya kaskazini mwa Uingereza karibu na mwaka wa 1300, na maana yake ya awali ilikuwa nguvu za mwili.

Neno “small” lina kisa chake pia. Zamani lilihusu wembamba, na ndivyo lilivyobaki hadi leo kwa ndugu yake wa Kijerumani, “schmal”. Kwa hiyo maneno ambayo kamusi huyaweka katika mstari mmoja yalianzia mahali mbalimbali kabisa: unene, ukarimu, nguvu na wembamba. Si ajabu kwamba hayajawahi kukubali kukaa katika chumba kimoja.

Matumizi: ushahidi wa kopasi

Tangu kamusi ya COBUILD ilipotolewa mwaka wa 1987 chini ya uongozi wa John Sinclair, uchunguzi wa visawe vya Kiingereza umetegemea kopasi, yaani mikusanyiko mikubwa ya matini halisi inayosomwa kwa kompyuta, badala ya kutegemea hisia za msemaji peke yake. Biber, Conrad na Reppen (1998) walilichukua kundi hili hili la “big”, “large” na “great” wakalichunguza katika matini za kitaaluma na za kubuni. Matokeo yao yanafaa kujulikana na kila mwanafunzi. “Big” huelemea vitu vya kushikika na huenea zaidi katika hadithi na usemi wa kawaida. “Large” hutawala uandishi wa kitaaluma, ambako huandamana na maneno ya idadi na kiasi. “Great” mara nyingi halitaji ukubwa wa kitu bali ukali au kiwango cha hali, ndiyo maana huandamana na nomino dhahania kama vile umuhimu, shauku na ugumu.

Kutokana na hayo mwanafunzi anaweza kuona ni kwa nini “a large number of voters” ni sahihi kabisa katika ripoti ilhali “a big number of voters” husikika kama usemi wa barabarani. Ataona pia kwa nini kosa huwa “a big mistake” wala si “a large mistake”: kosa halipimwi kwa futi wala kwa ratili. Tena “a great deal” ni kiasi kingi, “a big deal” ni jambo la kujishughulisha nalo, na “a large deal” labda ni biashara yenye fedha nyingi. Katika lebo za mashati ya mitumba utakuta herufi L ya “large” na XL juu yake, lakini hutakuta B ya “big”. Hii ni kwa sababu “large” ni neno la mizani. Hupanga vitu katika ngazi iliyokubaliwa na wote, ilhali “big” ni neno la macho ya msemaji.

Kipimo kinachozitenga maana hizi upesi kuliko vyote ni kipimo cha jamaa. “My big sister” ni dada mkubwa, hata kama ni mwembamba kama unyasi. “My large sister” ni dada mwenye mwili, na msemaji ajiandae kwa ugomvi. “My great sister” ni dada anayesifiwa. “My great-aunt” si sifa wala mwili, bali ni shangazi au mama mdogo wa mzazi wa msemaji. Hapa Kiingereza kinarundika neno la ukubwa kuonyesha vizazi, kiasi kwamba hata mtoto mchanga aliyezaliwa jana huitwa “great-grandchild”, maneno mawili ya ukubwa juu ya kiumbe cha ratili saba. Kiswahili hakikuifuata njia hiyo. Kina mjukuu, kina kitukuu, kisha kina kilembwe, na kila mmoja ana jina lake.

Kwa upande wa ndugu, hata hivyo, Kiswahili nacho huchukua ukubwa kupima umri: kaka mkubwa, ndugu mdogo, mama mkubwa, baba mdogo. Matokeo yake yanasikika katika Kiingereza cha Kenya, ambako si jambo geni mtu kumwita mdogo wake “my small brother” ilhali ndugu huyo ni jibaba la futi sita. Mwingereza angesema “little” au “younger”. Hili lisidharauliwe kuwa ni utovu wa elimu. Ni sarufi ya Kibantu inayozungumza kwa msamiati wa Kiingereza, na kwa mwanaisimu ni data nzuri. Lakini mtafsiri wa riwaya ya Kiswahili atakayemwandika baba mdogo kuwa “small father” atampotosha msomaji wa kigeni, ambaye atadhani mhusika ni mbilikimo.

Tatizo la -kuu

Mjadala hufikia kiini chake katika kivumishi -kuu, ambacho wanafunzi wengi hukichukulia kuwa tafsiri ya “great” kama vile -kubwa kunavyochukuliwa kuwa tafsiri ya “big”. Dhana hiyo ina msingi. Maziwa Makuu, Bonde Kuu la Ufa na Ukuta Mkuu wa China, zote zina “great” kwa Kiingereza. Hata hivyo, mtu akikusanya matumizi ya -kuu katika Kiswahili cha kila siku atagundua kwamba “great” ni sehemu ndogo tu ya kazi yake. Waziri mkuu ni “prime”. Jaji mkuu ni “chief”. Uchaguzi mkuu ni “general”, sawa na katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa. Lango kuu ni “main”. Mji mkuu ni “capital”. Mwalimu mkuu ni “head”. Barabara kuu, meza kuu na Mahakama Kuu zote hubeba “high”. Kwa hivyo -kuu haitaji ukubwa wa umbo hata kidogo. Hutaja nafasi ya kwanza katika daraja.

Tofauti baina ya mji mkuu na mji mkubwa inaweza kuonyeshwa kwa Tanzania. Dodoma ni mji mkuu, hadhi iliyoamuliwa mwaka wa 1973 na kuthibitishwa kwa sheria mwaka wa 2018, lakini Dar es Salaam ndio mji mkubwa. Mkenya hulisahau jambo hili kwa wepesi kwa sababu kwake Nairobi ni vyote viwili.

Kwa upande mwingine, si kila “great” inayostahili -kuu. Wataalamu wa wanyama hutenganisha tandala wa aina mbili kwa maneno “greater” na “lesser”, na heroe wa Ziwa Bogoria vivyo hivyo. Kiswahili husema tandala mkubwa na tandala mdogo, heroe mkubwa na heroe mdogo. Kusema tandala mkuu kungemfanya mnyama huyo kuwa kiongozi wa kundi. Jina “Great Britain” nalo hudhaniwa na wengi kuwa ni majigambo ya dola. Kihistoria ni neno la kipimo tu: lilikitenga kisiwa hicho na Britania ndogo, yaani jimbo la Bretagne lililoko Ufaransa.

Suala hili lina uzito wa kisheria nchini Kenya. Kwa miaka mingi “High Court” iliitwa Mahakama Kuu, na ilikuwa tafsiri nzuri. Katiba iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 ikaunda mahakama nyingine iliyo juu ya zote, “Supreme Court”. Mfasiri alijikuta taabani. Neno lililofaa zaidi kwa mahakama ya kwanza katika daraja lilikuwa -kuu, lakini -kuu lilikuwa limekwisha kupewa mahakama iliyo ngazi mbili chini yake. Vyombo vya habari vikatumia Mahakama ya Juu, na wengine Mahakama ya Upeo. Ukitazama Kiingereza, maneno yote mawili ni ya kimo: “high” ni juu, na “supreme” limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kilicho juu kabisa. Kiswahili kiliibadilisha kimo cha ile ya kwanza kuwa ukuu, kisha kikakirejesha kimo kwa ile ya pili. Matokeo ni kwamba anayeitafsiri Mahakama ya Juu neno kwa neno kurudi katika Kiingereza anapata “High Court”, ambayo si yenyewe.

Madhara yake si ya kinadharia. Kesi ya mapendekezo ya kurekebisha Katiba yaliyojulikana kama BBI iliamuliwa na Mahakama Kuu mnamo Mei 2021, ikaenda Mahakama ya Rufaa iliyotoa uamuzi mnamo Agosti mwaka huo huo, na kukamilishwa na Mahakama ya Juu mnamo Machi 2022. Mwandishi wa habari anayetafsiri kwa haraka na kuandika Mahakama ya Juu mahali pa “High Court” huwa amemwambia msomaji kwamba shauri limekwisha na hakuna pa kukata rufaa, ilhali ndiyo kwanza linaanza. Kati ya majina mawili yanayotumika, Mahakama ya Upeo lina faida iliyo wazi: upeo hauna wa kuushinda, na halichanganyiki na kimo cha “high”. Mazoea hata hivyo yameelemea Mahakama ya Juu, na katika suala la istilahi mazoea ni hakimu mkali.

Kivumishi kimoja, vipimo vitatu

Ikiwa -kuu hutawanyika katika maneno mengi ya Kiingereza kwa sababu ya cheo, -refu hutawanyika kwa sababu ya mwelekeo. Mto Nile una urefu wa kilomita zipatazo 6,650. Mlima Kenya una urefu wa mita 5,199. Ziwa Tanganyika lina kina kirefu kuliko ziwa lolote la Afrika, mita zipatazo 1,470. Jumba la KICC jijini Nairobi, lililokamilishwa mwaka wa 1973, ni refu kwa orofa 28. Msemaji wa Kiswahili huona jambo moja katika sentensi hizo nne: umbali kutoka ncha hadi ncha. Mwingereza huona mambo manne, naye atasema “long”, “high”, “deep” na “tall”.

Ugumu uko hasa kati ya “tall” na “high”. Kwa kawaida “tall” hutumika kwa kitu kinachosimama kutoka chini na ambacho urefu wake unaupita upana wake: mtu, mti, mnara, jengo, chupa. “High” hutumika ama kwa kitu kilicho mbali na ardhi, kama vile dari, rafu na wingu, ama kwa kitu kilichotanda kama ukuta na mlima. Hivyo “a tall shelf” ni rafu yenyewe iliyo ndefu, na “a high shelf” ni rafu iliyotundikwa mahali pasipofikika. Kwa Kiswahili ya kwanza ni rafu ndefu na ya pili ni rafu iliyo juu. Kuiita ya pili rafu ndefu ni kosa la tafsiri. Kuhusu milima wenyewe hawakubaliani daima, na mwanafunzi akisoma “tall mountain” katika kitabu kilichotoka Marekani asishangae.

Unene una mitego yake. Kitabu kinene, kamba nene na ukuta mnene huwa “thick”, lakini mtu mnene huwa “fat”. Uji, mchuzi na ukungu, ambavyo Mwingereza huviita “thick”, Kiswahili huviita vizito, yaani hutumia uzito mahali pa unene. Kuhusu watu kuna suala la adabu pia. Kumwambia jamaa uliyepotezana naye kwa muda kwamba amenenepa huweza kuwa pongezi katika mazingira mengi ya Kiswahili, ishara kuwa maisha hayajamtupa. Kumwambia Mwingereza “You have become fat” ni tusi, na ndiyo sababu Kiingereza kimejiwekea pazia za maneno kama “large”, “stout” na “plump”. Mfasiri wa mazungumzo katika tamthilia asipolizingatia hili atageuza salamu kuwa vita.

Small, little na viambishi vya udogo

“Small” ni neno baridi. Hutaja kipimo na kunyamaza. “Little” hutaja kipimo pamoja na moyo wa msemaji. “A small house” yaweza kuandikwa na wakala wa nyumba. “A little house” huandikwa na anayeikumbuka au kuionea huruma. Kulingana na muktadha, “little” huonyesha mapenzi, huruma au dharau. Ndiyo maana pia msemaji akitaka kulinganisha vitu viwili huliacha “little” na kuchukua “smaller”: ulinganishi ni kazi ya kipimo.

Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kutafuta kifani. Kivumishi -dogo kina ubaridi wa “small”, na kiambishi ki- kina joto la “little”. Nyumba ndogo na kijumba hazipokelewi kwa namna moja, wala mtu mdogo na kijitu. Kwa hiyo “that little man”, likisemwa kwa dharau, hutafsirika vizuri zaidi kama “kijitu kile” kuliko “yule mtu mdogo”. Tahadhari ipo mahali pamoja: ki- imekwisha kuganda katika maneno mengi na kupoteza hisia zote. Kijiji si mji uliodharauliwa, na kijitabu cha maelezo ya mashine hakina dharau wala mapenzi. Na wapo vigogo, ambao kwa umbo la neno ni magogo madogo na kwa maana ni watu wazito.

Kiasi nacho kinahitaji uangalifu. “A little water” ni maji kidogo, na yanatosha kulowesha koo. “Little water” ni maji machache yasiyotosha. Herufi moja ya Kiingereza imebeba tofauti kati ya tumaini na shida. Kiswahili cha kawaida hutumia kidogo kwa hali zote mbili, hivyo mfasiri makini ataongeza neno: kuna maji kidogo, kwa hali ya kwanza, maji ni haba, kwa hali ya pili.

Maneno ya kupindukia

Kwa ukubwa unaopita kiasi Kiingereza kina hazina ya kukopa: “huge” kutoka Kifaransa, “immense” na “enormous” kutoka Kilatini, “gigantic” kutoka kwa majitu ya Wagiriki, “mammoth” kutoka Kirusi, na “Lilliputian” kwa kinyume chake, kutoka katika riwaya ya Jonathan Swift ya mwaka wa 1726, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata kama Safari za Gulliver kupitia tafsiri ya Frederick Johnson katika miaka ya 1930. Mengi ya maneno haya hubadilishana nafasi kwa urahisi. Ila “enormous” lina dada wa hatari. Asili yake ni kutoka nje ya kawaida, na nomino “enormity” kwa waandishi makini hutaja ubaya wa kutisha, si ukubwa. Kuandika “the enormity of our stadium” ni kuushtaki uwanja.

Neno “jumbo” hupendwa sana na Waswahili kwa sababu hudaiwa limetokana na jambo au jumbe. Ni kweli kwamba liliroweka katika Kiingereza kwa sababu ya ndovu wa Kiafrika aliyeitwa Jumbo, aliyefikishwa katika bustani ya wanyama ya London mwaka wa 1865, akauzwa kwa P. T. Barnum wa Marekani mwaka wa 1882 na kufa kwa kugongwa na garimoshi nchini Kanada mwaka wa 1885. Lakini neno lenyewe lilikuwa limekwisha kuchapishwa katika kamusi ya misimu ya Kiingereza mwaka wa 1823, likimaanisha kitu au mtu mkubwa asiye na wepesi. Dai la asili ya Kiswahili, basi, ni tamu kulisimulia na gumu kulithibitisha.

Kiswahili kwa kazi hii kina njia yake ya kisarufi: jitu, joka, jumba, goma, kapu. Mfasiri anayeandika “nyoka mkubwa sana” kwa “a huge snake” hajakosea, lakini ameliacha ghalani neno joka, ambalo lina ukubwa na hofu kwa pamoja. Pale ambapo Kiingereza kinataja ukubwa bila hofu wala kebehi, kwa mfano “a huge crowd of worshippers”, ni heri kutumia umati mkubwa, kwani ukubwa wa nomino mara nyingi huja na dharau.

Zoezi

Mwanafunzi anayetaka kujipima azifasiri sentensi zifuatazo bila kurudia -kubwa zaidi ya mara moja, kisha amkabidhi mwenzake tafsiri hiyo airejeshe katika Kiingereza pasipo kuiona asili, na wote wawili walinganishe kilichopotea njiani:

“The High Court heard the case before a large crowd.”
“My big brother is a small man with a great voice.”
“There was little food on the high table.”
“A huge snake lay across the highway, near the deep well behind the tall school building.”